Mzee wa Jicho

...na kufumba nako eti kuna ufundi wake, fumba lakini usikaze, tulia lakini usilale, kijana huyu Fanuel, muuguzi wa macho, hutoa amri kama mtu anayeegesha boti gatini Mokowe, rudi, simama, hapo hapo, na Bi Mwanamkisi kaketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mgongo ukutani, mikono mapajani, kafumba bila kukaza, matone aliyotiwa yanawasha kama ndimu iliyopotea njia, na juu ya nyusi ya kulia kachorwa mshale kwa kalamu ya buluu ili daktari asije akapasua jicho silo, lakini mshale gani huu, kaupapasa kwa kidole akaujua, mkia mnene, kichwa kimekwenda upande, yeye aliyewachora maharusi wa Amu tangu mama za maharusi wa leo hawajavunja ungo, hina na piko, kutoka ncha za vidole hadi viwikoni, maua yanayopanda mkono kama yana roho, leo atiwe alama usoni na kijana wa bara anayeshika kalamu kama mwiko wa ugali... na hakunyamaza, lini aliwahi kunyamaza, alimwambia, "Ewe mwanangu, mshale huu umeuchora kwa mkono au kwa mguu?" na Fanuel akacheka, akasema, "Shosho, tulia, utaufuta," na yeye, "Shosho ndiye nani? Mimi Bi Mwanamkisi, huyo bibi yako shosho kamtafute huko ulikomwata," na benchi zima likacheka, benchi zima maana yake Bwana Kamaludin peke yake, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla wanawe hawajamstaafisha, anayengoja jicho la kushoto, na mwili alio nao akicheka benchi hulia mbao kwa mbao, "Bi Mwanamkisi, hata hapa huwati mzaha?" "Nikiuwata ntakufa, Bwana Kamaludin, na hawa wamesema niye hapa nikiwa mzima," na benchi likalia tena, na kicheko ni kitu kizuri, kicheko hufunika, maana huku chini vidole vya miguu vinatafuta ndara, vyenyewe, bila kuagizwa, kama vilivyofanya mwaka jana kambi ya macho ilipokuja, alipoomba ruhusa kwenda chooni akapitiliza choo, akapitiliza lango, akajikuta barabarani na gauni la kijani la hospitali juu ya nguo zake, kamba zinapepea nyuma, watu wanamsalimia, "Bi Mwanamkisi, mtindo mpya huo?" naye anawajibu, "Wa Dubai, kwenu haujafika," akatembea na gauni lile mpaka nyumbani kama malkia, akafunga mlango, akaketi juu ya kitanda akatetemeka hadi adhuhuri, kwa sababu ni kisu, jamani, waite wanavyoita, ni kisu ndani ya jicho na jicho li wazi na mwenyewe hulali, wakutia ganzi tu, unakisikia kinakuja... ila mwaka huu kuna lile takia, na takia hilo ndilo lililomrudisha hapa, si daktari, si dua, takia.

Maana usiku wa hina wa Aliya alikuwa katikati ya wanawake wote, anachora na kusimulia, mkono unakwenda wenyewe, ua, jani, ua, mzabibu unatambaa kutoka kiganjani unashuka kifundoni, na kadiri anavyosimulia ndivyo wanavyocheka, na mbele yake kila kitu ni cha kahawia siku hizi, ngozi kahawia, hina kahawia, takia alilolazia mkono bibi harusi kahawia vile vile, mzabibu ukashuka kifundoni ukavuka ukingo wa mkono, ukaendelea kwenye takia, majani kwa maua, mazuri, yamepangika, urefu wa shubiri nzima, na Aliya mwana wa watu kanyamaza kwa adabu, hathubutu kumwambia mkubwa kwamba mkono umekwisha, mpaka mtu nyuma akaguna, kisha kicheko kikapasuka chumba kizima, na yeye akacheka kuwashinda wote, akasema, "Takia nalo laolewa, mwalitaka liende hivi hivi halina urembo?" na likawa jambo la kusimuliwa, na hakuna aliyeona kwamba alipokuwa anacheka alikuwa anapapasa lile takia kwa kiganja, anautafuta mwisho wa mkono wa mwanamke... na harusi iliyofuata hakuitwa, wakamwita msichana anayechora kwa kuangalia simu, na Bi Mwanamkisi bila hina ni nani, ni domo tu, na domo bila mkono halialikwi, kwa hiyo kaja, kavaa gauni la kijani, katiwa mshale, na ndara zi wapi, hii moja, nyingine imeingia ndani zaidi, subiri... "Sasa we kijana," hiyo ni sauti ya Bwana Kamaludin, Fanuel yuko naye sasa anamtia matone yake, "mtoto wa jito huyu mimi nimempata wapi na umri huu?" na hapo hawezi kujizuia, hata jicho likifumbwa mdomo haufumbwi, "Niulize mimi, Bwana Kamaludin, niliyeshindwa kumzaa kwa tumbo nikampata kwa jito, na mimba yenyewe bila mume," na Bwana Kamaludin, "Astaghfirullah," kwa kicheko, na Fanuel naye anacheka lakini anasema, sauti yake ikienda na chupa ya matone, "Lakini si mtoto, Mzee, hilo jina la mtoto wa jicho linadanganya, mtoto ni kitu kipya, na hapa hakuna kitu kipya kilichoingia, ni lenzi yako ile ile, imebadilika tu, umewahi kuona ute wa yai? ukiwa mbichi unaona ng'ambo, chemsha, mweupe, huoni kitu, na hakuna ulichoongeza, ni protini zile zile, zimekunjuka zikashikana," na Bi Mwanamkisi moyoni, basi mimi naitazama dunia kwa yai la kuchemsha, hiyo nitaisema harusini nikialikwa tena, na kidole cha mguu kimeigusa ndara ya pili, kisigino tu bado... "Na nani aliyelichemsha?" anauliza Bwana Kamaludin, mfanyabiashara hata akiugua hutaka kujua bidhaa iliharibikia wapi, "Hakuna mmoja," anasema Fanuel, "ni maisha, ni jua, ni hewa yenyewe tunayovuta, ni sukari, sukari ya kwenye damu inajibandika kwenye protini, hivi, bila kualikwa, kwa kila mtu, na mwenye kisukari ndiyo zaidi, kipande kidogo sana kinajishikiza hapa, pale kingine kinadondoka, na protini ni umbo, Mzee, kazi yake yote iko kwenye umbo lake, ukipinda umbo kidogo tu kazi imeharibika, mahali pengine mwilini inakuwa shida ya figo, ya mishipa, kwenye jicho inakuwa ukungu," na Bwana Kamaludin, "Kama kanzu iliyokatwa vibaya kwapani, kitambaa ni kile kile mkono hauinuki," "Eeh, kama hiyo," na Bi Mwanamkisi huku katulia kidogo, kisigino kimesimama, kwa sababu kipande kidogo kinachojibandika yeye anakijua, maisha yake yote si hayo, hina ikikauka mkononi unaipaka nini, ndimu na sukari, ili inate, ili iingie, na ikishaingia hakuna sabuni itakayoitoa, si rangi iliyolala juu ya ngozi kama wanja, imeshikana na ngozi yenyewe, imekuwa ngozi, bibi harusi akifua akipika akioga iko pale pale, mpaka... mpaka ngozi ijivue, hivyo ndivyo inavyotoka, si hina inayoondoka, ni ngozi, ngozi ya juu inakwenda na maua yake na ya chini inakuja haina kitu, ndiyo maana bibi harusi arobaini ikipita mikono yake myeupe kama hakuolewa, kwa hiyo na jicho basi, jicho si lijivue, na akasema kwa sauti, akashtuka kujisikia hana mzaha, "Sasa mbona halijivui?"

"Nini, Shosho... pole, Bi Mwanamkisi?" "Hiyo lenzi, mbona haijivui kama ngozi, ikatoka na uchafu wake?" na hatua za Fanuel zikaja upande wake, zikasimama, kijana alikuwa hakutegemea swali, akasema, "Haina pa kujivulia, Bi, imefungwa ndani, na tena haina damu, ingekuwa na damu usingeona, zile seli za katikati zilijitoa kila kitu chao cha ndani ili mwanga upite, zikabaki protini tupu, zimepangana kwa karibu hadi jicho linaonekana kama halina kitu, na seli isiyo na kitu ndani haiwezi kutengeneza protini nyingine, hazibadilishwi, hakuna spea," "Hata moya?" "Hata moja, ziko protini nyingine humo ndani kazi yao ni kuzishika zile zinazoanza kupinda, zisishikane na nyingine, na hizo zinafanya kazi ajabu, miaka na miaka, lakini nazo ni zile zile, zikichoka zimechoka," na hizo nazo anazijua, kila harusi ya Amu inao, wale mashangazi wawili watatu wa jikoni ambao kazi yao hakuna aliyewapa, kumshika huyu asimfikie yule, mawifi waliokosana wasikutane mlangoni, njoo huku mwanangu, nisaidie kuchagua mchele, shughuli inakwenda mpaka mwisho watu wanasema harusi ilikuwa ya amani, na hawajui amani ile ilishikwa na nani, wala mashangazi hao wangapi wamesalia... kwa hiyo muda wote huo, muda wote akicheka, akichora, akilala, humo ndani ya kitu kidogo kama punje ya dengu walikuwako waliokuwa wanashika, wanashika, wanashika, ili yeye aone ua, na hakuna siku aliyowaambia ahsante, subhanallah, na kisigino amekisahau hewani, "Basi zile za katikati zina umri gani?" akauliza, na Fanuel, tayari anaondoka, anaitwa huko na mtu mwingine, akasema kama mtu anayetaja siku ya leo, "Za katikati kabisa? Hizo ziliundwa kabla hujazaliwa, ukiwa tumboni, kwa chakula cha mamako, hicho kipande ni kikubwa kwa umri kuliko wewe mwenyewe, hicho si mtoto, ni mzee wa jicho, haya, fumba, nakuja," akaenda, ndara zake zikipiga sakafu, pa, pa, pa, na mlango wa mbali ukafungwa, na Bwana Kamaludin akaguna akasema, "Makuu haya," akaegemea ukuta, na Bi Mwanamkisi kabaki gizani mwake na neno limemkaa kifuani kama mkono wa mtu.

Chakula cha mamako... mama yupi, yeye mama hakumjua, jina lake Rawiya binti nani sijui, wakimtaja huongeza rahimahallah, Mungu amrehemu, na basi, imekwisha, aliondoka duniani mtoto hajaota jino, na kaburi lilipofunikwa nyumba nayo ikamfunika, nguo zikatolewa sadaka, kitanda akapewa ndugu yake aliyekuwa anaolewa, picha hakupiga, mumewe hakutaka apigwe, hata alama ya mikono yake ukutani ilipakwa chokaa, na Bi Mwanamkisi utotoni alikuwa anazunguka zile nyumba za jamaa anatafuta kitu, hata kitufe, hata kitana chenye unywele, anaambiwa, una cheko la mamako, na cheko utalishika vipi, akalicheka tu, akalicheka kwa nguvu miaka yote hiyo labda ndipo domo lake lilipoanzia, alicheka ili asikie mtu mwingine akicheka... na kumbe, kumbe jamani, alikuwa anatafuta kitu akitazama kwa kitu hicho hicho, anakifuata vyumbani na kiko mbele ya kila anachokiona, kioo alichopikiwa kabla ya kuitwa jina, na kimepikwa kwa nini, nyanya yake alimwambia, alimwambia mara nyingi kwa sababu ndicho kisa pekee kilichokuwa na mama ndani yake, kwamba mimba ile ilimkinaisha mamako kila kitu, wali hataki, samaki hataki, maziwa hataki hata kuyasikia, ila pweza, pweza asubuhi, pweza usiku, mumewe anatoka alfajiri kuulizia pweza kwa wavuvi wa Ndau mpaka watu wa Ndau wakawa wanamwita Bwana Pweza, na mama anaketi sakafuni na sinia, anatafuna, anacheka, mwenyewe anacheka, anasema, huyu mtoto atatoka na mikono minane, na alitoka na miwili, lakini pweza alikwenda wapi, pweza yule alivunjwa vunjwa katika damu ya Rawiya akapita kitovuni akafika mahali penye giza, pasipo hata tone la mwanga, na humo gizani, humo humo, kikapangwa kitu kisicho na kazi yoyote duniani ila mwanga, punje kwa punje, wazi, safi, bila kosa, na aliyekipanga hajui, na aliyepangiwa hajui, na mama anatafuna tu anacheka... Allahu akbar, sasa ni nani atacheka hapa, mbona cheko halitoki, ni mzaha mkubwa kuliko yote aliyowahi kusikia, mimi natazama dunia kwa pweza, na badala ya kucheka nywele za mikono zimesimama, na machozi yanakuja na amekatazwa asilipanguse jicho, yashuke basi, yashuke na matone ya serikali pamoja... na ndicho watakachokitoa, hicho, hawa, kwa kisu chao, watakitoa waweke cha plastiki, na hofu ikamrudia lakini imebadili uso, si ile hofu ya kisu, kisu kimekuwa kitu kidogo, sasa ni kama mtu amegonga mlango kaja kuchukua kile cha mwisho ndani ya nyumba, leo cha kulia, mwakani cha kushoto, na angeweza kuondoka, lango liko wazi, angeondoka nacho kama alivyoondoka mwaka jana, akakaa nacho nyumbani, chake, mpaka giza likamilike, na akajiona vilevile amekaa, nacho kimo, na hakionyeshi kitu, kimekuwa ukuta, kitu kilichopikwa kwa mwanga hakipitishi mwanga, na je hayo ndiyo heshima, umchoshe mzee mpaka afie kazini kwa sababu hutaki kuagana naye, wale mashangazi wa jikoni harusi ikiisha si huambiwa, nendeni mkalale, mmefanya... amefanya, wallahi amefanya, hebu hesabu alichopitisha, kila uso wa bibi harusi, kila mkono, nyanya akifa na midomo inayosoma, bahari kila asubuhi bila kuombwa, mume wake aliyemwacha naye akapita humo humo, na akina Aliya wakiwa vitoto uchi wanakimbia uani, vyote vilipita kwake kwanza, kwa Rawiya, ndipo vikafika kwa mwanawe, na wafu hawaoni kwa macho ya walio hai, anajua, mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani atamkemea na haki yake, hasemi kwamba anaona, anasema tu kwamba hakuna kitu Mwanamkisi alichokiona peke yake, hata kimoja, tangu kuzaliwa, na alidhani amekuwa peke yake... basi atamwambia Fanuel, kabla ya kulazwa mezani, mwanangu, hicho mtakachokitoa msikitupe, kifungeni kwenye pamba mnipe, na Fanuel atashangaa, atasema, ni cha nini, Bi, na yeye atasema, ni cha mtu, nimekaa nacho mno, na siku atakayofunguliwa kitambaa ataomba njia ya makaburini, atachimba kwa kidole, kidole kinatosha, atakirudisha kwa mwenyewe, lakini hiyo ni baadaye, sasa hivi mlango wa upasuaji bado umefungwa, hajaitwa, jicho bado ni lake, bado ni lao wawili, na yeye anafanya nini nalo, kalifumba! kapewa dakika za mwisho za mtu na kazifumba kama zuzu kwa sababu kijana wa bara kasema fumba... akafumbua. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja, mboni imeachwa wazi na matone kama mlango wa nyumba yenye harusi, na dunia ikaja ya kahawia na dhahabu, kila kitu kina miali pembeni, ukuta una miali, ndoo ya kupigia deki ina miali kama kiti cha sultani, akatafuta kitu cha maana cha kuonyesha, haraka, kitu kinachofaa kuwa cha mwisho, hakuna, kuna Bwana Kamaludin kasinzia kinywa wazi, la, huyo si wa kumwonyesha mama wa watu, akageuza shingo, dirishani, uani, kitu kikubwa cha kijivu kinatikisa kichwa ndani ya mng'aro, hakielewi, kinatikisa, kinavuta, masikio, ah, punda, punda wa nani tena kaingia hospitali, anatafuna katoni ya dawa, anarefusha mdomo, anachagua, na mwanga unamzunguka kama kashushwa sasa hivi, na Bi Mwanamkisi akaegemea mbele, jicho wazi, halipepesi, haya, mama, punda unamjua, katoni labda huijui, siku hizi kila kitu huja ndani ya katoni, tazama anavyoifanya... "Bi Mwanamkisi!" Fanuel karudi, yuko nyuma yake, "si tumesema ufumbe?" na yeye hakugeuka, akainua mkono mmoja tu, kiganja wazi, kama anavyowanyamazisha wanawake anapofika penye ua gumu, "Ngoja, mwanangu," akasema, "kuna mtu hajamaliza kuangalia," na mlango ulikuwa bado haujafunguliwa, na punda akashika upande wa pili wa katoni, akavuta.